Kodi, Ushuru, Ada na Michango: Nani Hulipa, kwa Sheria Gani, na Fedha Inakwenda Wapi?



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo hutufikia kwa njia mbili. Wafadhili wetu wa ng'ambo huuliza: je, wananchi wa Ngara na Biharamulo hulipa kodi ya nyumba zao? Na kama hulipa, kwa nini bado kanisa linaombwa kusaidia tangi la maji au chumba cha kujifungulia? Wanakamati wetu nao huuliza kutoka upande wa pili: tunalipa sokoni, tunalipa kwenye geti la mazao, tunalipa kwenye umeme, tunalipa kwenye bomba, na bado mwenyekiti anapita na daftari la michango. Tunalipia nini hasa, na ni nani aliyeamua?

Kwa kweli haya ni swali moja. Asiyejua analolipa hawezi kudai anachostahili, na anayetoa msaada bila kujua wananchi wanalipa nini anaweza kujenga kitu ambacho hakuna atakayekitunza. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili hatua kwa hatua.

Bili moja na mikono mingi

Tuanze na tofauti inayowachanganya wafadhili wetu. Katika sehemu nyingi za Marekani, mwenye nyumba hupata hati ya kodi kila mwaka. Nyumba na kiwanja chake vimethaminiwa, na katika karatasi hiyo kuna mistari: huu ni wa serikali ya eneo, huu ni wa shule, huu ni wa zimamoto, huu ni wa maji taka. Baadhi ya mistari hiyo huwahusu tu wakazi wa eneo linalopata huduma fulani. Anayeishi nje ya mipaka ya huduma hiyo halipi. Mtu anaweza kulalamika kwamba kodi ni kubwa, lakini anaona yote mahali pamoja, na sehemu kubwa ya fedha hiyo hutumika karibu na mlango wake.

Kwetu mistari hiyo ipo pia, ila haikuandikwa katika karatasi moja. Mmoja unakatwa kwenye umeme, wa pili unatozwa kwenye mazao, wa tatu kwenye mauzo ya duka, wa nne kwenye ndoo ya maji, wa tano unaamuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Kila mmoja una mkusanyaji wake, sheria yake na mfuko wake. Mkulima wa Rulenge au Nyakahura anaweza kulipa yote matano kwa mwaka mmoja bila kuona jumla yake hata siku moja.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila kamati ijizoeze kuuliza maswali manne kuhusu malipo yoyote:

1. Jina lake ni nani? Ni kodi, ushuru, ada au mchango?
2. Limeamuliwa na nani? Sheria ya Bunge, sheria ndogo ya halmashauri, au mkutano wa kijiji?
3. Risiti yake iko wapi?
4. Fedha inaingia katika mfuko gani?

Malipo halali yana majibu manne. Likikosekana hata moja, kuna haki ya kuuliza, na kuuliza si ukaidi.

Kumbukumbu za wazee wetu

Watu wetu wana sababu ya kuliogopa neno kodi. Utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza waliokuja baadaye waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi hizo zilidaiwa kwa fedha taslimu wakati ambapo fedha ilikuwa adimu vijijini. Kutoka Bugufi, Bushubi na Biharamulo, vijana wengi walivuka kwenda Buganda kufanya vibarua katika mashamba ya kahawa na pamba, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kutafuta fedha ya kodi.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika mara kadhaa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, na zikaanza kazi tena mwaka 1984. Pamoja nazo ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Wengi wetu tunakumbuka mgambo waliofanya msako alfajiri na wanaume waliolala porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na ruzuku ya Serikali Kuu ikachukua nafasi yake kwa sehemu. Tangu hapo halmashauri zetu zimekuwa zikitegemea zaidi ushuru wa mazao, leseni, masoko na ushuru wa huduma.

Tunayasema haya ili ieleweke kwamba hofu haikuzuka bure. Lakini hofu isiyofuatana na elimu humfanya mtu akwepe anachopaswa kulipa, na wakati huohuo alipe asichodaiwa.

Kodi ya majengo na umeme wa LUKU

Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kodi ya nyumba wanayoijua wafadhili wetu. Msingi wake ni Sheria ya Kodi ya Majengo ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983, na kwa muda mrefu ilikuwa kodi ya mijini. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, na baadaye viwango vya jumla vikawekwa kwa nyumba ambazo hazijathaminiwa. Mwaka 2021 ulikuja utaratibu wa kuikata kupitia ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa hadi 1,500 na 7,500. Kwa nyumba ya kawaida hiyo ni shilingi 18,000 kwa mwaka.

Utaratibu huu ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini una mambo matatu ambayo kamati zetu zinapaswa kuyajua.

Kwanza, kodi hii ni ya mwenye nyumba na si ya mpangaji. Mita haijui ni nani anayenunua umeme. Mjane aliyepanga chumba Ngara mjini, akinunua umeme wa shilingi 5,000 na kupata pungufu, amemlipia mwenye nyumba. Ana haki ya kurudishiwa au kupunguziwa katika pango. Ni vizuri wakubaliane mapema na kuandika, kwa kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi ni fedha ya sabuni na chumvi kwa familia.

Pili, jengo moja halipaswi kutozwa mara mbili kwa sababu tu lina mita mbili au tatu. Kodi ni ya jengo. Mwenye jengo lenye mita kadhaa anapaswa kupeleka taarifa ili kodi iunganishwe na mita moja. Asipopeleka taarifa, makato yataendelea.

Tatu, ipo misamaha. Mzee wa miaka 60 na zaidi, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa kwa nyumba yake anayoishi. Nyumba za udongo na za nyasi zinazotumika kwa makazi nazo zimesamehewa. Lakini mita haijui umri wa mtu. Msamaha huombwa, kwa uthibitisho wa umri au hali ya mhusika, kupitia ofisi za TRA na za serikali ya mtaa au kijiji. Hapa kamati za parokia zinaweza kufanya kazi kubwa ya huruma bila kumwomba mfadhili hata senti: kuwaorodhesha wazee wa jumuiya wenye umeme, kuwasaidia kupata vielelezo, na kumtuma kijana mmoja mwaminifu afuatilie maombi yao.

Kodi ya majengo isichanganywe na kodi ya pango la ardhi. Hiyo hulipwa kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, na msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mashamba mengi ya vijijini yako chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, ambako halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi na mwananchi anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila.

Ushuru wa mazao

Kwa wakulima wetu wa maharage, mahindi, ndizi, mihogo na kahawa, huu ndio mstari unaouma kuliko yote. Zamani kiwango kilifika asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 kilishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kama kahawa, pamba na tumbaku, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru.

Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Mfanyabiashara amenunua magunia 20 ya maharage ya kilo 100 kila moja, yaani tani mbili, kwa shilingi 100,000 kwa gunia. Thamani ni shilingi 2,000,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 40,000. Hiyo ndiyo halali ya halmashauri.

Sasa tumwangalie mama aliyetoka Biharamulo na magunia sita ya mahindi ya shambani kwake, akiyapeleka kwa mwanawe Kahama. Magunia sita ya kilo 100 ni kilo 600, na hayajafika tani moja. Akisimamishwa kwenye geti na kuambiwa alipe, aulize kwa upole jina la malipo hayo na aombe risiti ya mashine. Mara nyingi swali hilo pekee hutosha.

Jambo lingine lisilojulikana na wengi ni kwamba mlipaji wa ushuru wa mazao kisheria ni mnunuzi na si mkulima. Hata hivyo tuseme ukweli: mnunuzi anajua kushusha bei ya gunia ili arudishe alichotoa, na hivyo mzigo unaweza kumrudia mkulima. Dawa ya hilo ni kuuza kwa pamoja kupitia vikundi na vyama vya ushirika, ambako bei na makato husomwa mbele ya wanachama wote.

Ushuru wa huduma na mchango wa migodi

Ushuru wa huduma hulipwa halmashauri na wenye biashara kutokana na mauzo yao, bila kuhesabu kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 0.3. Kwa kiwango hicho, duka lenye mauzo ya shilingi 12,000,000 kwa mwaka lilidaiwa shilingi 36,000. Duka moja linaweza kuonekana dogo, lakini mauzo ya mgodi ni jambo jingine.

Wilaya zetu mbili zinahusika moja kwa moja. Biharamulo ina mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2005 na baadaye kuchukuliwa na kampuni ya umma ya STAMIGOLD. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo Serikali iliingia makubaliano juu yake Januari 2021 na kupata asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel. Mrabaha wa madini huenda Serikali Kuu, lakini ushuru wa huduma ni wa halmashauri. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo.

Maana yake ni kwamba wananchi wa kata jirani na mgodi wana mlango wa kupitia. Diwani wao huketi katika baraza linalojadili mpango huo. Kamati ya parokia inayotaka zahanati imwulize diwani mapema, kabla haijamwandikia mfadhili: je, zahanati yetu imo katika mpango wa mgodi?

Maji: hapa anayepata huduma ndiye anayelipia

Tumesema kwamba Marekani kuna malipo yanayowahusu tu wakazi wa eneo la huduma. Kwetu, jambo linalofanana nayo zaidi ni maji ya vijijini.

Tangu Julai 2019 huduma ya maji vijijini inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo. Katika ngazi ya jamii kuna vyombo vya watumia maji vilivyosajiliwa, ambavyo hukusanya malipo ya maji, kulipa mafundi na walinzi, na kununua vipuri. Malipo haya si kodi, na hayaendi kujenga barabara wala kulipa posho za vikao vya halmashauri. Ni ada ya huduma, na yanapaswa kubaki katika huduma hiyo.

Hapa kuna jeraha ambalo lazima tulitaje wazi. Miradi mingi ya maji iliyojengwa kwa msaada, ikiwemo ya makanisa, ilikabidhiwa kwa shangwe na kusimama baada ya miaka michache. Mara nyingi sababu haikuwa ubaya wa pampu. Watu waliambiwa maji ni zawadi ya wafadhili, na zawadi hailipiwi. Siku mpira wa pampu ulipochakaa, sanduku lilikuwa tupu, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Wengine walilipa kwa uaminifu, lakini daftari halikusomwa hadharani hata mara moja, wakakata tamaa.

Kwa hiyo kamati yoyote inayoomba mradi wa kisima au wa maji ya mserereko ijue kwamba mfadhili hulipia ujenzi, na jamii hulipia uhai wa mradi. Ada ya maji ipangwe kabla bomba halijafukiwa, na isomwe mapato na matumizi mbele ya wote.

Michango ya kijiji na ya shule

Mchango ni mali ya mkutano. Kijiji kikitaka kuweka mchango unaomlazimu kila mtu, njia yake imeandikwa katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka 1982. Halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji wenye watu wazima wote hutoa maoni, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha. Bila hatua hizo, mchango ni wa hiari, hata kama jina lako limeandikwa kwenye daftari na kalamu nyekundu.

Kwa upande wa shule, elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kuanzia shule ya awali hadi kidato cha nne. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia uji au dawati, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hana. Viongozi wa kanisa wanaokaa katika kamati za shule walisimamie hilo, hasa kwa watoto yatima.

Majengo ya kanisa nayo je?

Hili ni swali la kila kikao. Sheria ya kodi ya majengo husamehe majengo yanayotumika hasa kwa ibada ya watu wote, na pia makaburi. Lakini msamaha huo hauhusu majengo ya makazi au ya shughuli za kijamii yanayoambatana na mahali pa ibada. Kwa maneno mengine, kanisa lenyewe limesamehewa. Nyumba ya padre au mchungaji, ukumbi wa harusi na vyumba vya maduka vinavyopangishwa visidhaniwe vimesamehewa kwa sababu tu vimo ndani ya uzio mmoja.

Tunashauri mambo yafuatayo:

- Kanisa na nyumba ya kuishi viwe na mita tofauti za umeme, ili isiwe vigumu kueleza ni lipi limesamehewa.
- Kiwanja chenye hati kikaguliwe katika ofisi ya ardhi ya wilaya: matumizi yaliyoandikwa ni yapi, na je, kuna deni la pango la ardhi? Kama mnastahili nafuu, iombeni kwa maandishi.
- Mradi wa kujiingizia kipato, kama hosteli, mashine ya kusaga au maduka, uhesabiwe kama biashara. Kuna leseni, kuna ushuru wa huduma, na hosteli ikipokea wageni wa kulipia, muulize kuhusu ushuru wa nyumba za kulala wageni.
- Andiko la mradi linalotumwa kwa mfadhili liwe na mstari wa kodi na ada za miaka mitatu ya mwanzo. Mfadhili hataudhika. Ataudhika akiletewa baadaye barua ya deni.

Mbona wanalipa na bado wanahitaji msaada?

Sasa tunaweza kuwajibu wafadhili wetu. Ndiyo, wananchi wa Ngara na Biharamulo hulipa. Lakini makusanyo ya ndani ya halmashauri za vijijini ni sehemu ndogo ya bajeti zao. Mishahara ya walimu na wauguzi hutoka Hazina. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingine ndiyo nguzo ya serikali ya eneo, kwetu nyumba zake ni chache, viwango vyake ni vidogo, na fedha yake hupita kwanza Serikali Kuu.

Mipaka nayo hubadilika. Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, sasa ni wilaya ya Mkoa wa Geita. Ushuru wa samaki wa mialo ya huko ulikwenda pamoja nayo. Malori ya Rwanda na Burundi yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga huonekana kama utajiri, lakini tozo ya mafuta yanayoyachoma haiingii katika mfuko wa halmashauri.

Ndiyo maana kwa miaka mingi hospitali za makanisa zimebeba mzigo wa umma hapa kwetu: Biharamulo kwa upande wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, na Murgwanza kwa upande wa Dayosisi ya Kianglikana ya Kagera. Zilifanya kazi kama hospitali teule za wilaya kwa makubaliano na Serikali. Msaada wenu, wapendwa wafadhili, hauchukui nafasi ya kodi za wananchi. Unakutana nazo njiani, na unazaa matunda pale tu ambapo kila upande unajua mwenzake ameweka nini mezani.

Tusisahau kwamba sehemu ya makusanyo hurudi kwa wananchi wenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vyetu vya akina mama na vijana vilivyosajiliwa visiogope kuomba. Fedha hiyo imetoka katika maharage yao.

Kamati ifanye nini?

1. Iwe na daftari moja la malipo. Andikeni kila kodi, ushuru, ada na mchango unaotozwa katika eneo lenu, pamoja na majibu ya yale maswali manne.

2. Ifuatilie mabadiliko ya kila Julai. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Kiwango mlichosoma hapa kithibitishwe kwa mtendaji wa kata, ofisi ya mweka hazina au TRA kabla ya kukitumia.

3. Isilipe bila risiti. Malipo ya halmashauri hutolewa risiti ya mashine au namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la shule si risiti.

4. Ihudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Ikisomwa haraka, ombeni irudiwe polepole. Isiposomwa kabisa, ulizeni, na muhtasari wa mkutano uandike kwamba mliuliza.

5. Ianze na daftari lake lenyewe. Parokia isiyosoma hesabu za sadaka na za mradi mbele ya waumini haina sauti ya kumwuliza mtendaji wa kijiji. Bandikeni hesabu zenu mlangoni kwanza.

Katika Injili ya Luka sura ya 3, watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakitaka kujua wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwataka wasidai zaidi ya kiwango walichopangiwa. Neno hilo linawagusa wote wanaohusika: mkusanyaji asizidishe, na mlipaji naye asikwepe. Lakini ili mtu ajue kwamba kimezidishwa, sharti kwanza akijue kiwango. Hiyo ndiyo kazi tunayowaachia kamati zetu mpaka toleo lijalo.

Tunazikaribisha kamati zitakazojaza daftari la malipo zituletee nakala, ili parokia jirani zijifunze kwao.